Nabothi Hakuwa Mkufuru: Nani Humpa Mwananchi Jina la Mhalifu?

Ndugu wapenda mageuzi, mnamo Julai 1990 Mkenya aliyesimama hadharani kudai chama cha pili alikuwa mhalifu. Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini tarehe 4 Julai mwaka huo bila kushtakiwa mbele ya hakimu yeyote. Siku tatu baadaye, siku ya Saba Saba, waliokwenda Kamukunji walikutana na rungu, gesi na risasi, na ghasia zikaenea hadi mji wetu wa Nakuru. Mnamo Desemba 1991 Bunge likakifuta kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichopachikwa mwaka 1982 ili KANU iwe chama pekee, na Mkenya yule yule, akidai jambo lile lile kwa maneno yale yale, akaamka asubuhi akiwa raia mwema anayetumia haki yake. Je, uhalifu wake ulikuwa umekaa wapi, hata ukaondoka kwa sahihi moja?

Wako wataalamu wa elimu ya jamii waliolichunguza swali hili kwa zaidi ya miaka sitini, na twaona yafaa mafundisho yao yatoke katika maktaba za vyuo vikuu yafike kwenye viti vya kanisa na mikutano ya kamati zetu. Kwa muda mrefu elimu hiyo ilimtazama mhalifu kama daktari anavyomtazama mgonjwa. Cesare Lombroso wa Italia, katika karne ya 19, alipima mafuvu ya wafungwa akitafuta umbo la mtu aliyezaliwa mwovu. Waliomfuata waliacha mafuvu wakapima umaskini, malezi na mitaa, lakini waliendelea kuuliza: mtu huyu ana kasoro gani? Ndipo Howard Becker, Mmarekani aliyepiga piano katika vilabu vya Chicago kabla ya kuwa profesa, akaligeuza swali. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alifundisha kwamba hakuna kitendo kinachozaliwa na jina la upotovu. Watu fulani hutunga kanuni, huchagua ni nani atakayetumiwa kanuni hiyo, humbandika jina, na jina likishashika, mtu huyo huwa mpotovu machoni pa wote. Mchunguzi wa kweli, basi, hamtazami aliyebandikwa peke yake. Humtazama pia mwenye gundi.

Kitabu hicho Becker alikiita Outsiders, yaani watu wa nje. Msomaji wa Molo, Elburgon, Njoro au Burnt Forest hahitaji kamusi kulielewa neno hilo. Tarehe 8 Septemba 1991 huko Kapsabet, na tarehe 21 mwezi huo huo huko Kapkatet, wakuu wa chama tawala katika Bonde la Ufa waliitisha mikutano ya kudai majimbo, wakatangaza kwamba wasio wenyeji warudi walikotoka. Mtu aliyenunua shamba lake kwa hisa za kampuni, akazika wazazi wake humo na kubatiza watoto wake katika kanisa lililo ng'ambo ya barabara, aligeuzwa mgeni kwa azimio la jukwaani. Wakamwita pia kwa neno lililo baya zaidi: madoadoa. Tarehe 29 Oktoba 1991, wiki saba baada ya Kapsabet, mishale ilianza kuruka katika shamba la Meteitei, Tinderet. Baadaye moto ukafika Olenguruone, Molo na Burnt Forest. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu watu 779 waliouawa kufikia Septemba 1992, na Bunge lile lile lililoiunda likakataa kuipitisha ripoti yake. Mwaka uliofuata shirika la Africa Watch lilikadiria waliouawa kuwa wasiopungua 1,500 na waliofukuzwa makwao kuwa 300,000.

Tafadhali, ndugu msomaji, angalia mpangilio wa mambo. Lilitangulia neno, ukafuata mshale. Mwaka ule ule wa 1963 Erving Goffman alichapisha kitabu kuhusu aibu anayobandikwa mtu, akakiita Stigma, neno la Wagiriki wa kale kwa alama waliyoichanja au kuichoma mwilini mwa mtumwa na mhalifu ili watu wamwepuke. Sisi hatukuhitaji kwenda Ugiriki. Doa hufutwa, nalo halifanyiwi mazishi. Aliyewaita jirani zake madoadoa alikuwa amekwisha kuwatoa katika idadi ya watu, na kijana aliyepewa upinde aliambiwa kwamba anasafisha. Ndiyo maana hatukushangaa, ingawa tulihuzunika, neno hilo liliposikika tena katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret Januari 2022, hata aliyelitamka akakamatwa na Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ikaliweka katika orodha ya maneno ya chuki.

Na waliokimbia mishale waliitwaje? Watu waliofukuzwa Enoosupukia Oktoba 1993 walijikusanya Maela, karibu na Naivasha, wakaishi chini ya vipande vya plastiki. Siku za Krismasi ya 1994 serikali iliwapakia katika malori usiku, ikawapeleka Mkoa wa Kati walikodaiwa kuwa ndiko kwao, na wengine wakatupwa katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Maofisa walieleza kwamba wengi wa watu wale hawakuwa wahanga halisi. Tazama werevu wa jambo hilo: mhanga akiitwa mdanganyifu, aliyemchomea nyumba hahitaji tena kutafutwa. Padre John Kaiser, Mmarekani wa Shirika la Mill Hill aliyekaa nao kambini, alikataa kulikubali jina hilo, naye akaondolewa kwa nguvu. Miaka minne baadaye alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi. Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha. Wapelelezi wa Marekani waliandika mwaka 2001 kwamba alijiua, na mwaka 2007 mahakama ya Kenya ikaamua kwamba aliuawa. Hata maiti hugombaniwa jina.

Tuje sasa katika mahakama ya Nakuru, ambako wengi wetu tulipata elimu yetu ya sosholojia bila kulipa karo. Novemba 1993 Koigi wa Wamwere, aliyepata kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini na aliyekuwa akizipigia kelele ghasia za Bonde la Ufa, alikamatwa pamoja na wenzake, wakashtakiwa kwamba waliivamia stesheni ya polisi ya Bahati ili kuiba bunduki. Shtaka lilikuwa wizi wa mabavu, ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Koigi alisema usiku ule alikuwa Nairobi. Kesi ilianza 1994, wachunguzi wakaja kutoka ng'ambo, na tarehe 2 Oktoba 1995 yeye na wawili wengine wakahukumiwa kwa kosa dogo zaidi, kifungo cha miaka minne na viboko sita.

Kwa nini wizi? Sheria ya uchochezi ilikuwapo wakati ule, katika vifungu vya 56 hadi 58 vya Kanuni ya Adhabu, na ilikuwa imewameza watu wengi. Koigi mwenyewe alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini, na mwaka 1990 alishtakiwa kwa uhaini. Lakini kufikia 1993 dunia ilikuwa ikitazama, wafadhili walikuwa wamefunga mifuko, na serikali ilikuwa ikirudia kusema kwamba Kenya haina mfungwa wa kisiasa hata mmoja. Mchochezi ana hoja, na mhaini ana angalau upande. Mwizi hana hoja yoyote. Ana tamaa tu. Kumhamisha mtu kutoka safu ya wachochezi hadi safu ya wezi ni kukitoa kitendo chake maana yote kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Hapa ndipo wanapotufaa wataalamu wanaosisitiza kwamba maana ya tendo haiko usoni pake, bali hujengwa na watu, na kwamba wajenzi hawana nguvu sawa. Mwaka 1967 Becker aliandika kwamba katika kila jamii iko ngazi ya kuaminika: aliye juu huaminiwa kabla hajathibitisha, na aliye chini hudaiwa ushahidi hata wa njaa yake. Askari wa Bahati alipanda kizimbani akiwa tayari amekwisha kuaminiwa nusu.

Wasomaji vijana wasidhani kwamba ujanja huu ulivumbuliwa na Nyayo. Ulirithiwa. Katika mashamba ya wazungu ya Nakuru na Naivasha, maskwota waliruhusiwa hapo mwanzo kufuga na kulima. Kisha sheria, hasa ile ya mwaka 1937, ikawapa walowezi mamlaka ya kupunguza mifugo na mashamba ya vibarua wao, na mwenye ng'ombe akawa mvunja sheria kwa sababu ya ng'ombe wale wale. Wazee waliuita upunguzaji wa mifugo kwa jina la kifagio. Watu wa Olenguruone walipokataa masharti ya serikali na kula kiapo cha umoja, walifukuzwa kati ya 1948 na 1950, wengi wakapelekwa Yatta. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wakoloni walihitaji maelezo yasiyotaja ardhi. Wakampata daktari wa magonjwa ya akili, J. C. Carothers, ambaye mwaka 1954 alichapishiwa na serikali mjini Nairobi kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau, akieleza uasi ule kama msukosuko wa akili za watu walioachana na mila zao kabla ya kuzizoea nyingine. Huyo ndiye Lombroso wetu. Alitazama ndani ya kichwa cha skwota na hakuona shamba lililochukuliwa.

Gavana Renison naye, mwaka 1960, alimtaja Jomo Kenyatta kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Agosti 1963 Kenyatta huyo huyo, sasa akiwa Waziri Mkuu, alisimama mjini Nakuru mbele ya wakulima wa kizungu akawaomba wabaki na kulima, nao wakampigia makofi. Giza lilikwenda wapi? Lilikwenda mahali pale pale ulikokwenda uhalifu wa kudai chama cha pili. Lakini hadithi hii ina pembe kali, nasi hatutaificha: Kenyatta alipopanda juu ya ngazi hakuivunja. Marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950, ilidumu katika vitabu vya sheria hadi 2003. Mzee aliyepigana msituni alikufa akiwa, kisheria, mwanachama wa kundi haramu la nchi aliyoikomboa.

Hapa wakosoaji wa Becker huingia na kusema kwamba habari ya majina haitoshi, na sisi twakubaliana nao. Jina halibandikwi kwa kujifurahisha. Kuna mali nyuma yake. Mwaka 1973 Ian Taylor, Paul Walton na Jock Young walichapisha Uingereza kitabu cha kuijenga upya elimu ya uhalifu, wakidai kwamba anayetaka kujua kwa nini tendo hili ni kosa na lile si kosa auulize mgawanyo wa mali na mamlaka. Lakini Wakristo walikuwa na kitabu chao kabla ya hapo, nacho ni sura ya 21 ya Wafalme wa Kwanza.

Nabothi wa Yezreeli alikuwa na shamba la mizabibu jirani na jumba la mfalme. Ahabu alilitaka alifanye bustani ya mboga. Nabothi akakataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Ahabu akalala kitandani akasusa chakula. Yezebeli hakutuma majambazi. Alitumia ofisi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji, nao wakatangaza mfungo wa ibada, wakamketisha Nabothi mbele ya watu, wakaleta mashahidi wawili walioapa kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Akapigwa mawe kwa mujibu wa sheria. Mfalme akashuka kulitwaa shamba, na hakuna mahali katika barua zile palipotajwa shamba. Twawaomba wachungaji wetu wasiipite haraka habari ya mfungo. Uongo ule ulihitaji ibada ili ukubalike. Ulihitaji wazee waheshimiwa na siku ya toba ya mji mzima. Kila mara jina la mhalifu linapotangazwa kutoka jukwaa la mkutano wa maombi, huku maaskofu wameketi mstari wa mbele, muhuri wa Ahabu umo ndani ya bahasha.

Pandeni sasa hadi Msitu wa Mau. Karl Marx, ambaye makanisa yetu hayana sababu kubwa ya kumpenda, alikuwa mwandishi kijana wa gazeti mjini Cologne mwaka 1842 alipoandika juu ya mjadala wa kuwafanya wezi maskini waliookota kuni zilizoanguka msituni, jambo walilolifanya vizazi na vizazi. Angefika Elburgon asingepotea njia. Waogiek waliishi katika Mau kabla hakujawa na idara ya misitu, na kwa karne nzima wameitwa wavamizi wa nyumba yao wenyewe. Mama anayekutwa na mzigo wa kuni usio na kibali huenda kortini. Ilhali mwaka 2001 makumi ya maelfu ya hekta za msitu ule yaliondolewa katika hifadhi kwa matangazo ya serikali, na Tume ya Ndung'u ikaonyesha mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa kama zawadi za kisiasa. Aliyebeba kuni ana rekodi ya jinai. Aliyebeba msitu ana hatimiliki. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Waogiek, na Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena huko Sasimwani, upande wa Narok. Mahakama ilikuwa imelibandua jina la mvamizi. Serikali ililibandika upya kwa nyundo.

Sasa twasikia msomaji mmoja akinung'unika, na ana haki. Kama uhalifu ni jina tu, anauliza, ni nani basi aliyewaua watu wa Molo? Je, mshale uliomchoma mtoto ulikuwa tafsiri? Nadharia inayomfariji mtuhumiwa wa Bahati isije ikamfariji na muuaji wa Olenguruone. Sisi twajibu waziwazi. Kifo hakihitaji mbandikaji. Nyumba iliyochomwa imechomwa. Jock Young mwenyewe, aliyetajwa hapo juu, alirudi katika miaka ya 1980 akawaambia wenzake kwamba maskini ndio wanaoibiwa na kuuawa zaidi, na kwamba msomi anayewaambia woga wao ni ndoto amewasaliti. Tunachokisema ni kwamba mamlaka ya kubandika jina ni yale yale yaliyo na mamlaka ya kutolibandika. Bonde la Ufa lilijaa makosa yasiyo na wakosaji. Ghasia za 1991 hadi 1994 ziliitwa ugomvi wa ardhi kati ya makabila, au matunda machungu ya vyama vingi, na waliofikishwa kortini walikuwa wachache mno. Baraza la Makanisa lilipotoa ripoti yake ya The Cursed Arrow mwaka 1992, na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru na maaskofu wenzake walipotamka kwamba mashambulizi yale yamepangwa, ni wao walioitwa wachochezi. Tume ya Akiwumi ilimaliza kazi yake 1999, ripoti ikafungiwa hadi 2002, na ilipofunguliwa ilikutwa imependekeza wakubwa kadhaa wachunguzwe. Walichunguzwa na nani?

Kwa sababu hiyo twamkumbuka pia Alvin Gouldner, aliyemshambulia Becker mwaka 1968 kwa kosa ambalo kamati zetu hulifanya kila wiki. Alisema kwamba mafundisho yale humhurumia aliye chini na kumlaumu mlinzi wa lango, polisi, mlinzi wa gereza, ofisa mdogo, na kumwacha mwenye lango akinywa chai. Ni mara ngapi mikutano yetu imemalizika kwa kumlaani chifu na askari? Askari hakuiandika barua. Fuateni muhuri.

Tungeweza kuishia hapo tukiwa tumewashtaki wengine wote, nasi tungependwa zaidi. Lakini nadharia hii ina makali pande mbili. Edwin Lemert aliandika mwaka 1951 juu ya mtu ambaye, baada ya kubandikwa na kufungiwa milango yote, huanza kuishi kama jina lake lisemavyo, kwa kuwa ndilo shati pekee aliloachiwa. Kundi la Mungiki, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, liliwapata wafuasi wengi miongoni mwa vijana waliofukuzwa na ghasia za Bonde la Ufa, watoto wa wale walioitwa madoadoa. Kundi hilo liliua, lilitoza watu fedha kwa nguvu, na Januari 2008 watu waliteketezwa Naivasha na Nakuru na wauaji ambao sisi hatutawatafutia udhuru. Lilipigwa marufuku Machi 2002. Baada ya hapo jina lenyewe likawa hukumu. Mwaka 2008 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyowahusisha polisi na mauaji ya watu wapatao 500 waliodaiwa kuwa wa Mungiki. Hakuna hakimu aliyewasikiliza. Wangapi kati ya makanisa yetu walisoma majina yao ibadani?

Na chokora? Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani wa mji wa Nakuru walikusanywa, wakapakiwa katika magari, wakaenda kuachwa karibu na msitu wa Chemasusu huko Baringo, hata Seneti ikalazimika kuchunguza. Neno chokora tunalitamka bila kushtuka mezani baada ya ibada. Vivyo hivyo twasikia katika harakati zetu mtu akiitwa msaliti kwa kuuliza hesabu ya fedha za kamati, na kabila zima la jirani zetu likiitwa wapiga mishale, ilhali tunawajua wazee wa kabila hilo waliowaficha watu katika maghala yao ya mahindi. Anayedai mageuzi huku ameishika gundi ile ile amebadilisha mkono tu.

Tufike basi katika siku zetu. Usiku wa tarehe 25 Juni 2024, vijana walipokuwa wameingia Bungeni na wengine wameuawa barabarani, Rais alisema kwamba maandamano yametekwa na wahalifu, akayaita matukio ya siku ile uhaini. Tarehe 26 akakataa kutia sahihi mswada wa fedha ule ule ambao vijana waliupinga. Mwaka 1990 na 1991 safari kutoka uhalifu hadi haki ilichukua miezi kumi na saba. Safari hii ilichukua usiku mmoja kwa mswada, na kwa vijana haijakamilika. Baada ya maandamano ya kumbukumbu ya 25 Juni 2025, makumi ya vijana walishtakiwa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012. Julai mwaka huo Rais alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi mguuni, kana kwamba mahakama ni ucheleweshaji tu.

Gaidi! Mchochezi alikuwa na hoja, mhaini alikuwa na upande, mwizi alikuwa na tamaa. Gaidi hana hata utu wa kuuliziwa sababu. Ndilo jina lililokamilika kuliko yote yaliyotangulia, na hubandikwa kijana aliyezaliwa baada ya kifungu cha 2A kufutwa, aliyefundishwa shuleni kwamba kuandamana kwa amani ni haki yake katika kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010. Hatusemi kwamba kila aliyekamatwa hana kosa. Aliyechoma duka ashtakiwe kwa kuchoma duka, na mwenye duka alipwe. Kosa hilo lina jina lake katika Kanuni ya Adhabu tangu zamani. Ukiona mashtaka yamelikimbia jina dogo lililo sahihi yakaenda kulikodi jina kubwa, tafuta shamba la mizabibu liko wapi.

Mwaka 1995 wachunguzi walitoka ng'ambo kuja kuketi katika mahakama ya Nakuru. Kutoka Section 58, Bondeni, Kaptembwo au Lanet hakuhitaji viza. Twaziomba parokia na makutaniko ya Nakuru, Molo, Njoro, Gilgil na Naivasha kila moja iteue watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wa kuhudhuria kila kikao cha kesi zinazotokana na maandamano, kuanzia siku ya kusomewa mashtaka hadi hukumu. Waende na daftari. Waandike jina la kosa kama lilivyosomwa siku ya kwanza, ni nani aliyeandika maelezo, ni shahidi gani alifika na ni yupi hakufika, na kila mara hati ya mashtaka inapobadilishwa waandike tarehe na maneno mapya, maana shtaka la ugaidi likija kugeuka kuwa la kukutwa na jiwe mfukoni, tofauti hiyo ndiyo ushahidi wetu. Jumapili inayofuata yale yaliyoandikwa yasomwe pamoja na matangazo ya ndoa.